Pea Haigawanywi

Kuna watu ukiwapa kazi ya kugawa, hata yai bichi watalikata katikati ili mmoja asije akasema amepunjwa. Blagota na Spasoje, watoto wa kiume wa marehemu fundi Vukosav wa mji wa Nikšić, ni watu wa namna hiyo. Viti vya jikoni viligawanywa nusu kwa nusu. Mizinga ya nyuki pia, na ule mmoja uliozidi ukaachwa uoze kwenye theluji, kuliko mmoja aupate na mwenziwe aukose. Spana za baba yao zilizopangwa ukutani kwa ukubwa, zenye namba shufwa zilikwenda kwa kaka mkubwa na zenye namba witiri kwa mdogo, kana kwamba bolti za magari nazo zimegawanyika kiukoo. Halafu wakafika rafu ya juu kabisa, wakakuta vyuma viwili vimefungwa pamoja kwenye karatasi yenye grisi. Vyuma viwili, ndugu wawili. Blagota akachukua kile kikubwa cha duara kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, Spasoje akachukua kile kirefu, na kila mmoja akaenda zake ameridhika kwamba haki imetendeka.

Dada yao Vidosava wakati huo alikuwa jikoni akiosha sahani za wageni wa arobaini ya baba yao. Hakuna aliyemwita. Yeye ndiye mtu pekee katika nyumba ile aliyejua vyuma vile ni nini, na labda ndiyo sababu.

Vilikuwa pea. Kile kirefu ni pinioni, shafti yenye meno mwishoni inayotoka ndani ya giaboksi. Kile cha duara ni krauni, gurudumu la meno linalopokea mzunguko na kuupeleka kwenye matairi. Kiwandani husagwa pamoja, meno ya hii yakilaliana na meno ya ile mpaka yajuane, kisha zote mbili huchongwa namba moja ili mtu mwenye macho asizitenganishe. Ukiiozesha pinioni hii kwa krauni ya ukoo mwingine, gari litapiga kelele njia nzima kama nguruwe anayevutwa sikio, na siku moja katikati ya mlima litanyamaza. Hayo siyo mambo ya kitabuni. Mtoto yeyote aliyekulia karibu na gereji ya Vukosav angewaambia ndugu wale, lau wangekuwa na adabu ya kuuliza.

Vidosava ndiye aliyekulia mle. Alikuwa msichana mdogo akimpelekea baba yake chakula cha mchana, sufuria ya kačamak, ugali wa kwao, imefungwa taulo isipoe, ndipo siku moja springi ndogo ikamponyoka mzee ikatumbukia ndani ya giaboksi. Vidole vinene vya Vukosav havikufika. Vya binti vikafika. Mama yake alilalamika kwamba msichana atanuka oili na hataolewa, na kwa hilo mama alipatia, kwani alinuka oili na hakuolewa. Kaka zake walipokua, mmoja alikwenda kufanya kazi hotelini pwani na mwingine akaendesha lori. Waliobaki kwenye meza ya giaboksi ni baba na binti, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakawa hawahitaji kusemeshana.

Na meza ile ilikuwa na utaratibu wake. Giaboksi ikifunguliwa, vyuma vyote vilioshwa na kulazwa juu ya shuka kuukuu, katika mafungu matatu. Vukosav aliyaita: hizi zinarudi, hizi zinakwenda, na hizi tutabishana. Beringi na sili za oili zilikwenda kutupwa bila mjadala. Mpya, nzuri, basi. Mabishano yalikuwa kwenye gia na zile pete za shaba zinazoisaidia gia kuingia bila kukwaruza. "Upya siyo uzima," mzee alikuwa akisema, na kwa sauti hiyo hiyo, "na ukale siyo heshima." Kila kipande kiligeuzwa dirishani, kikapimwa kwa kucha, kikatetewa, kikashambuliwa, na mara nyingi binti ndiye aliyeshinda. Mteja akija kuchukua gari, hasa wale waliorudi likizo kutoka kazi za Ujerumani kila Agosti, alimpita Vidosava mwenye oili hadi viwikoni na kuuliza, "Binti, fundi yuko wapi?" Naye alimwonyesha baba yake kwa kidevu na kuendelea na kazi.

Gari la nyumbani lilikuwa fićo ya bluu, zile ndogo zenye injini nyuma, ambazo nusu ya mji ilijifunzia kuendesha na nusu nyingine ilitungwa mimba ndani yake. Vukosav alikataza isiuzwe. Kwa ajili yake aliiweka ile pea juu kwenye rafu tangu enzi kiwanda kilipokuwa bado kinazitoa, na watu walipokuja kuiomba alisema hana. Majira ya baridi aliyofariki, giaboksi ya fićo ilikuwa imelala wazi juu ya shuka. Walikuwa wamekwisha kubishana juu ya karibu kila kitu. "Tukiifunga hii," alimwambia binti yake, "tunapanda nayo kijijini bila kusimama." Wiki hiyo hiyo moyo wake ukasimama.

Sasa, sheria inasema watoto wote warithi sawasawa. Sheria inasema mengi. Katika mji ule, dada mwema huvaa gauni lake zuri, huenda kwa mthibitishaji wa mirathi, hutamka kwamba anawaachia kaka zake vyote, kisha kaka humnywesha kahawa na watu humsifu. Dada anayedai fungu lake si dada, husema hivyo wanaume, na wanawake walioachia yao husema hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Vidosava hakuwa na nia ya kubisha. Hili ndilo linaloudhi kuliko yote: mwanamke aliyetumia maisha yake yote akikataa chuma kibovu, alikuwa tayari kulikubali hilo bila hata kuligeuza dirishani. Aliomba kitu kimoja tu.

"Nyumba chukueni, gereji chukueni, malisho ya mlimani chukueni," aliwaambia siku ya mazishi. "Mimi nipeni fićo na giaboksi yake. Siku ya kumbukumbu ya mwaka nipande nayo kijijini, kaburini kwake. Basi."

"Dada, hilo halina mjadala," Blagota alisema. Spasoje naye akaitikia kwa kichwa. Siku ya kusaini ikapangwa, Ijumaa baada ya sikukuu ya Mtakatifu Ilija, mwanzoni mwa Agosti.

Theluji ilipoyeyuka akarudi mezani peke yake. Akachagua beringi mpya, akachagua sili mpya. Pete za shaba alizipata za aina tatu. Aliikandamiza kila moja kwenye koni ya gia yake na kuizungusha kwa kiganja, kuona kama inang'ata. Zile zinazong'aa kutoka kwenye mfuko wa nailoni ziliteleza kama sabuni. Akazitupa kwenye fungu la kwenda, akarudisha mbili kuukuu zilizokuwa bado zinang'ata vizuri, na kwa gia ya pili, ambayo ndiyo huteseka kwenye kona za mlimani, akaweka mpya ya zamani, isiyowahi kufungwa, aliyoikuta kwenye kopo la baba yake. Kisha akaiangalia krauni ya fićo yenyewe na pinioni yake. Meno yalikuwa yamechimbika kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Fungu la kwenda, hata baba yake asingebisha. Akapanda kwenye kigoda, akapapasa rafu ya juu. Ilikuwa tupu.

Alianzia kwa Blagota. Hakuhitaji kutafuta, maana krauni ilikuwa uani, na juu yake kumewekwa chungu cha maua.

"Blagota, hiyo chini ya maua ni nini?"

"Ni chuma cha baba tu. Zorka kaona kinakaa vizuri."

"Nipe."

"Nikupe tena? Si umeshapewa gari, dada?"

"Gari bila giaboksi ni banda la kuku. Hiyo ni ya giaboksi yangu. Nyingine iko wapi?"

"Kwa Spasoje. Sikiliza, mimi sina ubaya na wewe. Mwambie alete chake kwanza. Akitoa, na mimi natoa. Ila siwezi kutoa mimi halafu yeye akabaki na fungu lake zima. Si atakuwa kanizidi?"

"Atakuzidi nini? Kile peke yake hakifai hata kuzuilia mlango."

"Hilo sasa kamwambie yeye."

Zorka, mkewe, akaleta kahawa na kuketi. "Wifi, kwani madukani hakuna? Siku hizi kila kitu kinaagizwa kwa simu. Maua yangu nayo yameshazoea hapo."

Vidosava aliinywa kahawa ile kwa sababu kuikataa ni matusi. Iliteremka kama msumari.

Spasoje alikuwa barazani kwake na bakuli la lozi. Alizipasua moja moja kwa kitako cha pinioni. Vidosava alimpokonya, akaipeleka penye mwanga, akapitisha kidole kwenye meno. Yalikuwa salama, kwa bahati mpumbavu yule alipigia upande wa pili.

"Kwani vipi?" Spasoje aliuliza. "Ni chuma, hakiumii."

"Hii ni pea na ile ya Blagota. Tazama namba hapa. Kaitazame na yake, utaikuta ile ile."

Spasoje akaitazama namba, akafurahi. "Unaona? Namba sawa. Kumbe mgawo ulikuwa sawa kabisa."

"Spasoje."

"Sasa Blagota katoa?"

"Anasema wewe kwanza."

"Aa, namjua huyo. Chake kizito, nikamwachia, sikusema kitu. Sasa tena niongeze na hiki juu? Akitoa natoa." Akaichukua pinioni mkononi mwa dada yake, polepole, akarudi kwenye lozi. "Usikasirike bwana. Ijumaa ile tukishamaliza mambo ya kusaini, tutaongea kifamilia."

Waswahili husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wale hata kugombana hawakugombana. Walikuwa wanalinda haki, na haki yao ilikuwa imekaa chini ya chungu cha maua na ndani ya bakuli la maganda, haimsaidii yeyote, ilimradi hakuna aliyemzidi mwenziwe.

Vidosava alijaribu njia nyingine, asije akaambiwa hakujaribu. Kwenye konde moja nje ya mji kulikuwa na fićo iliyoota nyasi ndani. Akaifungua giaboksi yake akiwa amepiga magoti kwenye matope. Pea yake ilikuwa pea kweli, ila maji yalishayala meno nusu. Akaagiza mpya kwa simu. Ikaja inang'aa, imefungwa vizuri, ila namba ya krauni haikufanana na ya pinioni. Hata hivyo akaipa nafasi yake. Akapaka meno rangi ya bluu, akazifunga, akazungusha kwa mkono na kutazama rangi imefutika wapi. Ilifutika pembeni kabisa, ncha tu ya jino ndiyo iliyobeba mzigo. Akampigia muuzaji.

"Mama, zote zimetoka sanduku moja," muuzaji alisema.

"Hata mimi na wewe tunaishi dunia moja. Hatujawa mapacha."

"Zitazoeana tu barabarani."

"Barabara yangu ina korongo upande mmoja, bwana. Zitazoeana humo korongoni?"

Akairudisha. Zorka aliposikia, aliwaambia majirani kwamba wifi yake amekuwa mgumu, hata kitu kipya hakimfai, na kwamba uzee wa bila mume ndivyo ulivyo. Maneno hayo yalizunguka yakamfikia Vidosava dukani kwenye foleni ya mkate. Alilipa mkate wake, akatoka akiufinya mfuko kwa hasira hata ukachanika.

Ijumaa asubuhi Blagota akapiga simu. "Dada, vaa vizuri. Tukitoka pale tunakwenda kunywa kahawa mjini, sisi watatu. Mimi nalipa."

"Pea mmeileta?"

"Yaani na leo tena? Kwanza hili, hilo baadaye."

"Kwanza hili," Vidosava alirudia.

"Eeh. Hilo ni dogo."

Akavaa gauni lake jeusi na viatu vya kanisani. Njia nzima alikuwa akiliwaza neno lile. Dogo. Aliwapa nyumba aliyoipiga chokaa yeye, gereji aliyoifagia yeye, malisho ambayo yeye ndiye aliyekuwa akienda kukata nyasi zake wao wakiwa pwani na barabarani, akaomba kitu kidogo kimoja, na kile kidogo kikawa ndicho kisichowezekana. Kama dogo haliwezekani, basi walimwona yeye ni nini?

Mthibitishaji alikuwa mwanamke mwenye miwani, aliyesoma kwa sauti ya kuchoka: nyumba, gereji na kiwanja chake, shamba, malisho ya mlimani. Spasoje alikuwa ameshaanza kuvaa koti.

"Bibi Vidosava, unalipokea fungu lako au unawaachia ndugu zako?"

"Ninapokea."

Spasoje akabaki na mkono mmoja ndani ya koti.

"Kakosea huyo," Blagota alisema. "Hajasikia swali. Dada, hujasikia."

"Nimesikia. Fungu langu. Ninalipokea."

Mthibitishaji hakutabasamu wala hakushangaa. Aliandika, akawageuzia karatasi. Kalamu ya Vidosava ilikwenda vizuri.

Kwenye korido ndipo walipompata. Blagota alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Umetuvua nguo, Vida. Mbele za watu."

"Alikuwa mtu mmoja."

"Kesho watakuwa mji mzima! Watasema nini?"

"Watasema dada yenu ana fungu. Wala si uongo."

"Kwa ajili ya kipande cha chuma?"

"Vipande viwili."

Spasoje akajaribu kwa upole, ambao kwake ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Dada, fikiria baba angekuwepo leo, angekuangalia vipi?"

"Baba alikuwepo, Spasoje. Alikuwepo miaka yote. Mimi ndiye nilikuwa naye."

Akawaacha hapo. Alirudi nyumbani kwa miguu, na alipofika kwenye daraja akalia, akilia huku akitembea, na waliompita walidhani anamlilia baba yake. Hakuwa anamlilia mtu. Alikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa jinsi alivyokuwa amejiweka bei rahisi, akadhani huo ndio wema.

Jumamosi, kabla ya saa za chakula, gari moja likaingia uani na kaka wote wawili wakashuka. Ulikuwa muda mrefu hawajapanda gari moja. Blagota alibeba krauni imefutwa udongo wa maua. Spasoje alishika pinioni kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa watu. Vidosava alikuwa kwenye meza yake ya gereji, dirisha wazi, shuka limetandikwa.

"Haya," Blagota alisema. "Pea yako hiyo. Tumeelewana. Tumetoa wote kwa pamoja, wakati mmoja, hakuna aliyemtangulia mwenziwe."

"Hata njiani nilimpakatia yake na yeye akanipakatia yangu," Spasoje akaongeza.

Vidosava alizisogeza dirishani. Alizipangusa kwa mafuta ya taa, akaisoma namba ya krauni, akaisoma namba ya pinioni. Akapitisha ukucha kwenye kila jino, taratibu, huku wale wawili wamesimama kama wateja. Kisha akazilaza kwenye fungu la zinazorudi.

"Zimefaa?" Spasoje aliuliza.

"Zimefaa sana. Asanteni."

Blagota akashusha pumzi, akakaa kwenye kreti. "Basi yameisha. Mtu akikasirika ndani ya familia si kitu. Jumatatu tunarudi kwa yule mama, unamwambia ulijisahau, tunaandika upya. Nilishampigia, anasema inawezekana kama wewe mwenyewe unataka."

"Sitaki."

"Vida. Si ulisema hiki tu? Mbele ya jeneza la baba ulisema, nipeni hiki, basi. Tumekupa."

"Nilisema," Vidosava akajibu, na akainua macho kwa mara ya kwanza tangu walipoingia. "Jana asubuhi ningewapa nyumba, gereji na mlima mzima kwa hivi vyuma viwili, na ningewashukuru juu yake. Mkaona ni ghali. Leo ni Jumamosi. Sogeeni kidogo, mnaniziba mwanga."